Beveli Iliyokuwa na Mtu Ndani

Watu wengine wanastaafu wakiwa na miaka sitini na wanapewa saa ya ukutani. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tano na nimepewa inhela. Daktari alisikiliza kifua changu mara moja tu, akasema ni vumbi ya mbao ama ni pumzi, chagua. Nikachagua. Kwa hivyo Vivian na Musa, nyinyi mnaobaki mkijifunza kwa kibanda cha useremala, hiki kitabu ni chenu. Nakiacha kwa droo ya benchi, ile inakwama. Mambo ya nani alilipwa ngapi na nani aliitwa fundi mkubwa lini hamtayapata hapa, sina haja nayo. Nataka kuandika juu ya vyombo vya kupima pembe, na juu ya kitu nilifanya na kimoja chao.

Nyinyi mnamjua Mzee Lubanga wa sasa. Anapima kitu mara tatu, halafu anageuka anawauliza, "Unaona hivyo?" Mnacheka mkifikiria ni uzee. Mzee Lubanga niliyempata mimi miaka sita iliyopita alikuwa anapima mara moja na hamuulizi mtu. Katikati ya hao wazee wawili niko mimi.

Siku ya kwanza nilikuja na sketi ya shule, maana ndiyo ilikuwa nguo yangu ngumu kuliko zote. Kwa mfuko nilikuwa na seti yangu ya jiometri, ile ya kopo. Nilikuwa nimetoka fomu foo mwezi huo huo na nilikuwa najua kila kitu. Mzee alikuwa ameinama juu ya benchi anapiga randa. Hakuinua kichwa.

"Umebeba nini kwa mfuko inapiga kelele hivyo?"

"Protrakta, mzee. Ya kupima pembe."

"Pembe ya nini?"

"Ya kitu yoyote."

Hapo sasa akainua kichwa. Akavuta mbao ya saiprasi ya futi kumi na mbili, akailaza pale chini. "Nichoree pembe ya digrii tatu hapo. Line iende mpaka mwisho."

Nikachora, nikarefusha line na ubao ulionyooka, nikasimama nikingoja sifa. Mzee akapima na njia yake, kwa skwea na tepu: ukienda mbele hivi, panda juu hivi, unganisha. Line yake na yangu zilianza mahali pamoja kama mapacha. Kufika mwisho zilikuwa zimeachana vidole vitatu.

"Mmbone," akasema, na ndiyo mara ya kwanza aliniita jina, "hiyo kitu yako haina makosa. Lakini ni ya daftari. Hii ni mbao."

Somo lenyewe ni hilo, na nililichukia wiki nzima. Kosa ambalo huwezi kuliona kwa kitu kidogo cha plastiki linakua likitembea. Mbao ikiwa ndefu, pima pembe na urefu: mbele kiasi hiki, juu kiasi hiki. Mbao ikiwa fupi kama fremu ya picha, usipime kabisa, tumia kile kisanduku cha kukatia pembe, msumeno unajua njia yake mle ndani. Na msiamini skwea ati kwa sababu ni ya chuma. Skwea ikianguka chini mara moja inaanza kudanganya na haibadilishi sura. Iweke kwa ubao ulionyooka, chora line, igeuze upande wa pili, chora tena pale pale. Line zikilalana, iko sawa. Zikiachana, hiyo itumieni kukunia mgongo.

Na simu pia. Najua mnatumianga simu, iko na ile kitu ya kuonyesha mteremko. Mimi nilikata reli ya ngazi ya mteja na simu, ikakuwa imeinama, tukatafuta kosa asubuhi yote. Kosa lilikuwa kava ya simu. Ilikuwa imevimba upande wa kamera. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, na mwezi mzima kila mtu akija kibandani alikuwa anamwambia, "Huyu msichana wangu alipimanga ngazi na WhatsApp."

Sasa beveli. Nimeenda mbio kufika hapa na nikifika natamani kurudi nyuma.

Beveli mnaijua: mpini wa mbao, ulimi wa chuma, nati katikati. Haina namba hata moja. Mimi wa jiometri niliiona kama chombo kijinga. Mzee aliniambia, "Haijui kusoma lakini inakumbuka." Unaifungua, unailaza kwa pembe yenyewe, kwa ukuta umeinama, kwa mlango wa zamani, popote. Unakaza nati. Hapo imeshika ile pembe yenyewe, si jina la pembe. Unaibeba mpaka kwa benchi na unaichora.

Na kwa hiki kibanda kulikuwa na desturi, hata kabla yangu. Mzee akitoka na beveli kuchukua pembe ya mtu huko nyumbani kwake, anaifunga hapo hapo na kipande cha blada, ile ya tyubu ya baiskeli, anazungusha mara mbili juu ya nati, na akirudi anaitundika kwa msumari. Maana yake ni moja. "Hiyo iko na mtu ndani," alikuwa anasema. "Msiamshe."

Wengi wa hao watu walikuwa watoto. Hospitali walikuwa wanatuma kina mama kwake, watoto ambao hawawezi kukaa wenyewe, kichwa kinaanguka, mgongo hauna nguvu. Mzee alikuwa anawatengenezea viti. Hakuna kiti kinafanana na kingine. Kiti kikisimama sana, mtoto anaangukia mbele. Kikilala sana, uji unaenda njia mbaya. Katikati hapo kuna pembe moja ya huyo mtoto, na Mzee alikuwa anaenda nyumbani kwao kuitafuta.

Rehema alikuwa wa Musanda, miaka minne. Mama yake alikuja kibandani na barua ya hospitali, na siku ya pili tukaenda kwao, mimi na Mzee, na boda mbili. Tukapata nyanya yake amekaa kwa mkeka, miguu amenyoosha, Rehema amelalia mapaja na kifua chake, anakunywa uji kijiko kwa kijiko bila kukohoa. Mzee hata hakutoa tepu. Alitazama tu.

"Kukhu, nyanya yetu, unamshikanga hivyo kila siku?"

"Kila siku. Nikimweka juu kidogo anakataa. Nikimweka chini kidogo anakabwa. Hapa ndio pake, magoti yangu yanajua."

"Basi mimi nitachukua magoti yako niende nayo Kakamega."

"Chukua," nyanya akasema, "lakini uyarudishe. Niko na swala tano."

Mzee akapiga magoti, akaweka mpini chini ya mapaja ya mtoto na ulimi wa chuma kwa mgongo, akasukuma polepole mpaka ulimi ukalala. Mimi ndiye nilishika taa ya simu aone vizuri. Akakaza nati. Akafunga blada. Kupima ilikuwa mara moja tu.

Siku iliyofuata alienda matanga Mayoni, alale huko siku mbili. Aliniambia nikate miguu ya kiti cha Rehema na nipige msasa, mgongo atachora mwenyewe akirudi. Vizuri. Lakini saa tatu hivi akaja mwalimu wa kwaya anataka meza ndogo ya kuwekea Biblia, ile ya juu yake inateremka, na anaitaka kabla ya Jumapili. Nikamwambia hakuna shida. Mimi nilipenda sana kusema hakuna shida.

Tulikuwa na beveli mbili. Ile ya pili nati yake imeisha meno, ukiishika inateleza. Nilijaribu nayo mara mbili, ikateleza mara mbili. Na sasa sikilizeni, maana hili ndilo linaniuma: sikuhitaji beveli. Mteremko wa meza ningeuchora na skwea na tepu, mbele hivi, juu hivi, kama nilivyofunzwa siku ya kwanza kabisa. Dakika kumi. Lakini nilikuwa na haraka, na yenye blada ilikuwa pale kwa msumari.

Sikuwa mjinga kabisa. Kabla sijaifungua nilichukua kipande cha ubao, nikailaza beveli juu yake, nikachora pembe ya Rehema na penseli, nikaandika R. Nikajiambia nikimaliza meza nitairudisha kwa hiyo line na hakuna mtu atajua. Hata ilikuwa njia nzuri. Nikakiweka kile kipande pale chini kando ya benchi.

Mnajua Mama Chapo, jirani yetu wa chai. Mnajua saa sita anapita na karai kuokota vibao vya kuwasha moto, na sisi tunamwambianga achukue tu. Siku hiyo alipita. Nilikuwa nimeinama napiga randa, nikamwambia, "Chukua tu, mama." Nilikumbuka saa nane. Nikakimbia kwake nikiwa na penseli bado kwa sikio.

"Mama Chapo, kile kibao kidogo, kilikuwa na R!"

Akaangalia chini ya sufuria. "Mmbone, R yako umekunywa saa saba. Na ukasema sukari ni kidogo."

Alicheka na mimi nikacheka. Nilicheka, hiyo naandika pia.

Kutoka hapo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, boda mpaka Musanda, nyanya akae kwa mkeka tena, nipime tena. Jioni ningekuwa nimerudi. Ya pili ni hii niliifanya. Nilitoa protrakta ya shule. Nilijaribu kukumbuka vile beveli ilikaa kwa msumari, nikaona kama mia na kumi. Kwa nini mia na kumi? Kwa sababu kwa mtihani majibu mazuri yanaishianga na sifuri. Nikaweka mia na kumi, nikakaza nati, nikafunga blada, mara mbili, vile vile alivyofunga yeye.

Mzee alirudi, akachora mgongo wa kiti na hiyo beveli, akakata, tukapiga msasa, tukapaka rangi ya kijani na upande mmoja ndege mdogo. Kilikuwa kiti kizuri. Mama Rehema alikuja na mtoto tukamkalisha hapo mbele ya kibanda. Kichwa kikaenda mbele. Tukamfunga mkanda wa kifua, kichwa kikaenda mbele tena, na mate yakaanza kumtoka, na akakohoa ile kukohoa ya kutafuta hewa. Mama yake akamtoa haraka akamweka begani. Mtoto alipona saa hiyo hiyo, msiogope. Lakini alilia sana na hakutaka kukiona kile kiti.

Mzee alichukua beveli. Nilijua angeichukua. Aliiweka kwa kiti, mpini kwa kalio, ulimi kwa mgongo. Ikalala sawasawa kabisa, hata unywele haungepita. Akaitoa, akaitazama, akairudisha. Mkono wangu ulikuwa na msasa na sikuweza kuuweka chini.

"Kiti kiko vile nilipima," akasema. Halafu akamgeukia mama. "Mama Rehema, nisamehe. Ni macho yangu. Nilisoma vibaya kule nyumbani."

"Si kitu, mzee," mama akasema. "Mungu ndiye anajua."

Mimi pia nilikuwa najua. Nilirudi ndani nikaendelea na msasa.

Mzee alimwambia atatengeneza kingine, mama akasema atafikiria, nyanya bado yuko na mapaja. Akaondoka na kiti kwa boda. Hakurudi. Na kutoka siku hiyo Mzee hakuchukua tena kazi ya mtoto. Mama akija na barua ya hospitali, anamwambia aende Kisumu, kuna watu wazuri. Alienda kupimwa macho. Wakamwambia yako sawa kwa umri wake, akasema hao ni watoto wa juzi, hawajui. Akanipa mimi beveli. "Pima wewe, macho yako ni mapya." Nilisema sitaandika kupandishwa cheo, lakini hicho ndicho kilikuwa cheo changu, na ndivyo nilivyokipata. Miezi saba nilipima milango na mapaa, na yeye akawa ananiletea kila kitu nimwambie kama kiko sawa.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikusema. Siku ya kwanza ilikuwa hofu. Baada ya hapo kila siku iliyopita ikawa ni kosa la pili, na la tatu, na mimi sina subira ya kubeba vitu vingi, nikaviacha tu pale.

Aliyenifungua mdomo ni nyanya. Alikuja mwenyewe kutoka Musanda, anatembea na fimbo sasa.

"Assalaam aleikum."

"Wa aleikum salaam, Kukhu. Karibu, keti."

"Siketi, nikiketi sitainuka. Magoti yamekataa. Mtoto amekuwa mzito, na mimi siwezi tena. Nitengenezee kiti."

Mzee akatikisa kichwa. "Kukhu, macho yangu yaliisha. Uliona vile nilifanya."

"Macho gani?" Nyanya akapiga fimbo chini. "Mimi nilikuwa hapo! Uliweka hiyo chuma yako kwa mgongo ya mtoto mpaka ikalala, haikubaki nafasi hata ya karatasi ya sigara. Mimi ndio nilikuwa kiti, unaniambia nini?"

Mzee akageuka. Nikamwona anatazama ule msumari kwa ukuta, na mdomo wangu ukaenda wenyewe.

"Mzee, si macho yako. Niliifungua."

"Ilikuwa na blada?"

"Ndiyo."

"Blada ilikatika, ama ulitoa?"

Nafikiri alikuwa ananipa mlango. Blada hukatikanga, kila mtu anajua.

"Nilitoa na mkono."

Hakunipigia kelele. Nyanya ndiye alisema. "Msichana, miezi saba nimeshika mtoto juu ya uongo yako. Magoti yangu yamekusikia." Mzee alivaa koti lake akasema neno moja, "Musanda," na tukaenda siku hiyo hiyo.

Ile pembe ya kwanza haikurudi. Rehema alikuwa amekua, mgongo umebadilika, ilibidi kutafuta nyingine. Kiti cha kijani kilikuwa kando ya nyumba kimebebeshwa mtungi wa maji. Mzee akapiga magoti, akaweka beveli, akaitoa, akaiweka tena. "Mmbone, unaona hivyo? Mama Rehema, unaona hivyo? Kukhu?" Mara tatu. Mwanaume ambaye alikuwa anapima mara moja. Nilikuwa nimefikiri nikisema ukweli macho yake yatarudi kesho yake. Alijua sasa kwamba hayakukosea, alilijua kwa kichwa. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea kuogopa.

Kiti kipya kilikubali. Rehema alikunywa nusu kikombe ya uji bila kukohoa na nusu ya pili akamtemea Mzee kwa shati. Mama yake alitupikia chai. Alinipa kikombe kama wengine, na sukari. Ningefurahi angeninyima.

Kuna mmoja sijamwandika. Nimemruka tangu nianze.

Ilikuwa katikati ya ile miezi saba. Mama alikuja na sweta ya bluu, mtoto wa kiume mgongoni, soksi mbili hazifanani. Alisema ametoka upande wa Lugari, ameamka giza. Mzee akamwambia habari ya macho na habari ya Kisumu. Mama alisimama tu pale. Halafu akanitazama mimi, na beveli ilikuwa mkononi mwangu.

"Na huyu msichana? Yeye hawezi?"

Nilikuwa nimemwona Mzee akifanya hiyo kazi miaka mitano. Ningeweza. Mzee mwenyewe alinigeukia, nafikiri alitaka niseme ndiyo.

Nikasema, "Mimi bado najifunza."

Akashukuru. Alishukuru kweli, akarekebisha leso, akaenda.

Baada ya Musanda nilimtafuta. Niliuliza hospitali wanapopima watoto, nikauliza kina mama wanaongoja pale kwa benchi, nikauliza watu wa boda. Hakuna jina. Kwa kitabu chetu cha kazi hayuko, maana tunaandikanga tu wale tumekubali kazi yao. Mimi kesho naanza kuuza simu karibu na soko na nitaendelea kuangalia sweta za bluu, lakini nyinyi ndio mko hapa.

Huyo mtoto wake, kichwa kinaangalia upande wa kushoto. Atakuwa mkubwa sasa. Wakipita, msingoje mama aulize, maana ameshauliza. Mzee ataanza kusema macho, mwacheni aseme, mpeni beveli na nyinyi mshike taa. Na huyo mama akiwaambia alitumwa Kisumu, mwambieni kazi yake ilikuwa ni hapa. Hata ile siku ilikuwa ni hapa.